Mwaka wa Majembe Mawili

Tulipomaliza kumzika Elia tulirudi nyumbani kwake, kule Mbozi, tukakaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, na kama ilivyo kawaida ya msiba watu wakaanza kumsifu marehemu. Mmoja alisema Elia alikuwa mtu wa mipango. Mwingine akasema hakuwahi kumwona akitania. Mzee mmoja wa kanisa akasimama kabisa, akavua kofia, akasema tumempoteza mtu mkali. Mjane wake, Tabita, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na miguu yangu, alisikiliza yote hayo, kisha akainua uso akaninong'oneza, "Shemeji, unawasikia? Angekuwapo angeuliza wanamzika nani." Ikabidi nizibe mdomo kwa leso nisicheke msibani. Elia niliyemjua mimi alikuwa na utani kupita kiasi, mipango yote ya nyumba ile ilikuwa ya Tabita, na ukali wake uliishia kwa kuku walioingia jikoni. Mwenyewe alijihesabu mwimbaji, ingawa kwaya ilimpanga nyuma siku zote na mwalimu wao alikuwa akimwomba aimbe taratibu. Ndani ya basi la kurudi Tunduma niliwaza jambo hilo njia nzima, na mawazo yakanipeleka mahali ambapo kwa kawaida siendi, kwenye mwaka ule nilipojua mimi mwenyewe naonekanaje. Mimi ni mzee sasa, lakini nikiukumbuka bado masikio yanapata moto.

Habari za wazazi na ukoo wangu nitaziacha, hawana lawama katika jambo hili. Ilikuwa zamani za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, nami nilikuwa kijana niliyetoka kwenye migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini. Nilishuka kwenye lori pale Tunduma, wakati huo maduka machache tu na kizuizi cha barabarani, nikiwa na sanduku la bati, kofia ya pama na tai nyekundu. Elia, ambaye kule migodini tulilala chumba kimoja, alikuwa ametangulia kurudi kwao Mbozi, akaniita nikakae naye nimsaidie kazi ya kahawa. Mama yake alinipa chumba kilichopakana na jiko. Ukuta wa katikati ulikuwa wa mianzi iliyokandikwa udongo na haukufika juu, kwa hiyo moshi, harufu na maneno ya jikoni vyote vilinifikia kitandani. Asubuhi niliamshwa na harufu kali ya kahawa iliyomenywa jana yake na kulowekwa kwenye pipa. Jioni tulikula ugali wa ulezi na maharage, na mvua za kwanza zilipokuja tulikula kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Wachuuzi wakipita na samaki wakavu wa Kamsamba, mama alinitengea vichwa, kwa sababu nilikuwa nimesema siku moja kwamba navipenda. Nilikuwa nimesema mambo mengi sana mle ndani.

Kusema ndio uhodari niliojipa. Watu wengine walijua kuchimba, wengine kulima, mimi nilijua kusema. Kule migodini nilikuwa nikiingilia ugomvi wa bombani, Mnamwanga na Mbemba wakishikana kwa sababu ya ndoo, nikasema na huyu, nikasema na yule, mpaka wanaachana. Niliamini wanaachana kwa sababu ya maneno yangu. Niliporudi Tanganyika nilikuja na namna yangu ya kusimama, mkono mmoja mfukoni, na kila nilipomaliza jambo niliongeza "mukwai", neno la heshima la Kibemba, ili watu wajue nimetembea. Kanisani nilipopewa nafasi ya kutoa salamu nilitoa salamu ndefu. Shambani, tukichambua kahawa kwenye meza za kuanikia, niliwasimulia wanawake habari za mashine za migodini, nao wakacheka sana, hata pale ambapo mimi sikukusudia kuchekesha. Nilipenda kicheko kile. Nililala nacho.

Kwa watu wa ukoo wa Tabita posa ilikuwa na utaratibu wake. Mshenga alikwenda na jembe jipya, akaliweka chini mlangoni kwa shangazi wa binti, akakaa kando yake. Hapo shangazi na wanawake wenzake walimtukana. Walimtukana yeye, waliomtuma, na hilo jembe lenyewe, mpaka waridhike. Ukoo uliotaka binti ulipimwa kwa mtu yule mmoja: kama mshenga ana hasira, basi mume naye atakuwa na hasira, na mtoto wao atapigwa. Mshenga aliruhusiwa kusema, kucheka, hata kusinzia akitaka, ila kurudisha tusi au kuondoka na jembe mpaka barabarani kulikuwa mwisho wa posa. Shangazi akiridhika alilinyanyua jembe akaliingiza ndani. Mambo hayo yalifanywa mara mbili, kwanza wakati wa kuposa, kisha karibu na harusi, na aliyepeleka jembe la kwanza ndiye aliyepaswa kupeleka la pili. Mjomba wa Elia alikuwa ameshakwenda kabla mimi sijafika. Waliposema miguu yake imepinda, alichukua jembe lake akaondoka. Wenye binti wakakubali kupokea mshenga mwingine mara moja tu, na hata hilo walilikubali kwa sababu Tabita aliwalilia.

Jioni moja, sahani zikiwa bado mbele yetu, mama yake Elia alifuta mikono kwenye kanga akasema, "Lamek mwanangu, tumekaa mimi na mwenzako, tumeona uwe wewe."

"Niwe nini, mama?"

"Mshenga," Elia akadakia, na akainama kuokota kitu ambacho hakikuwapo. "Kama huwezi, sema."

"Naweza," nikasema. Sikuuliza kwa nini mimi. Nilidhani sababu ilikuwa ikionekana na kila mtu. Wiki nzima nilitunga hotuba, nikaipanga kwa Kiswahili cha kitabuni, nikiisemea miche ya kahawa. Elia alinipitia mara mbili nikiwa nimenyoosha mkono kuelekea bondeni, akapita zake.

Siku ya jembe la kwanza nilivaa tai na viatu vya ngozi. Shangazi Sela, dada wa baba yake Tabita, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti kavu, na kabla sijakaa sawasawa aliwauliza wenzake, "Mbona wametuletea mbuzi, tena wamemfunga kamba nyekundu?" Walisema kwa Kinyiha, ambacho nilikijua vizuri, lugha haikunipiga chenga. Nilichofanya ni kuishika tai yangu na kuwaeleza duka nililoinunua. Wakauliza kama kwa kina Elia wanaume wamekwisha. Nikawajibu kwa upole kwamba hawajaisha, wapo, nikaanza kuwataja. Mmoja alitoka na beseni la maji ya vyombo akayamwaga karibu na viatu vyangu. Nikasogeza miguu nikamwambia pole na kazi. Kisha nikasimama nikatoa hotuba yangu yote. Wanawake wale walicheka mpaka wakawa wanashikana mabega, na Shangazi Sela, huku akijifuta machozi, akalinyanyua jembe akaingia nalo ndani. Vigelegele vikalia. Nilirudi kwa Elia nikiwa sina ninachoona njiani kwa furaha.

Tangu siku hiyo posa ile ikawa yangu. Nilisimulia kanisani, nilisimulia kwa wanaopita na baiskeli kwenda Galula, nilimsimulia mzee mmoja kiziwi. Nilieleza nilivyoingia, nilivyoinua mkono, neno gani lilimlainisha shangazi. Elia alikuwa akisikiliza kila mara akiitikia "eeh" mahali panapotakiwa, wala hakuwahi kuniambia nimeshamsimulia. Siku hizi nikimkumbuka Elia huikumbuka "eeh" yake ile, na roho inaniuma.

Mvua zilipokolea nilishikwa na homa. Nililala chumbani mchana, blanketi mpaka puani, na jikoni mama yake Elia alikuwa akichambua mboga na jirani yao, Mama Yusta. Walinidhania nimelala. Kwanza walisema habari za mume wa Mama Yusta aliyekuwa akichimba dhahabu Saza, kisha Mama Yusta akasema, "Lakini, Mama Elia, niambie ukweli. Watu wote hawa, mkamtuma yule? Mtu anasema mpaka wewe unayemsikiliza ndiye unakaukiwa mate!"

"Ningemtuma nani?" mama akajibu. "Si ulimwona kaka yangu alivyotuaibisha kwa sababu ya miguu tu? Tulitaka mtu asiyeumia."

"Basi yule mmempata."

"Huyo masikio yake yanamsikia yeye mwenyewe. Mwite mjinga, atakuuliza kama ulipenda hotuba. Pale kwa kina Tabita wamemwita mbuzi, akafurahi."

Mama Yusta alicheka mpaka akakohoa. Nikasubiri mama yake Elia acheke naye, na nadhani angecheka ningepata hasira ya kunisaidia. Hakucheka. Alisema kwa sauti ya huruma, ile aliyokuwa akiitumia aliponitengea vichwa vya samaki, "Ni mtoto mzuri yule, hana baya na mtu. Kujua tu kwamba anachekwa, hilo hakupewa." Halafu nikasikia mwiko ukikoroga. Baada ya muda alisukuma mlango kwa kiwiko akaniletea uji wa ulezi, akanigusa paji la uso, akasema, "Bado unachemka, mwanangu." Nilikunywa uji wote macho yangu yakiwa ndani ya bakuli.

Sijui nieleze vipi siku zilizofuata. Homa iliondoka ikaniacha na kazi ya kuupitia mwaka mzima upya. Kila kicheko nilichokuwa nimekihifadhi nilikitoa nikakitazama, na kila kimoja kilikuwa kimebadilika. Wale wanawake kwenye meza za kahawa. Watoto waliokuwa wakiweka mkono mfukoni nikipita. Mwinjilisti aliyekuwa akinipa nafasi ya salamu mwishoni kabisa, ili wenye haraka waondoke. Ugomvi wa bombani kule migodini, ambao labda ulikwisha kwa sababu wote wawili walichoka kunisikia. Niliona aibu ya kitu nilichokuwa nimefanya kila siku mbele ya watu wote, na hakukuwa na mtu wa kumwomba radhi. Nikaacha kusema. Tai niliiweka chini kabisa sandukuni. Mama yake Elia alidhani ugonjwa umenibakiza nusu, akaniongezea chakula.

Niseme na hili, kwa kuwa nimeamua kusema. Hapa Tunduma ninapoishi sasa watu wananiita Mzee Kimya. Kwenye vikao vya mtaa wananigeukia mwisho, nami natamka maneno machache, wanatikisa vichwa wakisema mzee huyu ana busara, anapima. Wajukuu wangu wameambiwa wanifuate. Hakuna ninachopima. Nikifungua mdomo mbele ya watu zaidi ya wawili bado nasikia mwiko ukikoroga upande wa pili wa ukuta, na nafupisha nikae. Wale wa Mbozi walinikosea kidogo sana waliponiona mjinga, na hawa wa Tunduma wanakosea kabisa wanaponiona mwenye hekima. Ningependa kuwa na haki ya kuwacheka, lakini mtu aliyejikosea mwenyewe kuliko wote hana haki hiyo.

Mahindi yalipokauka harusi ikakaribia, na siku ya jembe la pili ikapangwa. Nilimwendea Elia akiwa anazungusha mashine ya kumenyea kahawa, nikamwambia atafute mtu mwingine.

"Mtu mwingine hawezi," akasema. "Unajua utaratibu wao. Jembe la pili ni la yule yule."

"Waombe."

"Tulishawaomba mara moja, Lamek. Hawatakubali tena." Aliacha kuzungusha. "Wamekuudhi?"

Ningeweza kumwambia. Mama yake alikuwa uani akipepeta, na uso wa Elia ulikuwa umekunjamana kwa hofu. Nikasema hapana, ni uvivu tu. Akapumua, akarudi kuzungusha mashine.

Safari hii nilikwenda na shati tupu. Nililaza jembe mlangoni kwa Shangazi Sela nikakaa, nikawasalimia kwa kifupi, nikanyamaza. Nilitumaini kwamba nikinyamaza nitakuwa sionekani. "Leo ulimi ameuacha wapi?" shangazi akauliza. "Au mwenyewe ameuchoka?" Mwingine akasema kuku wao walikataa kutaga tangu ile hotuba. Yote hayo yalikuwa maneno ya utaratibu, yangeweza kusemwa kwa yeyote, na mwaka uliotangulia yangenipita kama upepo. Sasa yaliingia moja moja. Kisha msichana mmoja wa pale akatokea ndani ya nyumba. Alikuwa amevaa kofia ya mzee wao, shingoni amening'iniza jani la mgomba lililokatwa mfano wa tai. Akaweka mkono mmoja mfukoni, akanyoosha mwingine kuelekea bondeni, akaanza, "Wapendwa kina mama, mukwai!" Alikuwa na kipaji. Alinipata mpaka namna ninavyofumba macho kabla ya neno kubwa. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mtu ambaye wengine walikuwa wakimwona siku zote. Nikasimama. Nikalichukua jembe.

Kicheko kilikatika papo hapo. Hakuna aliyenishika. Nilipita nyuma ya ghala la mahindi, nikateremka kati ya mibuni kuelekea barabarani, nikiwa sina hata wazo moja la Elia kichwani. Nilikuwa nakaribia kijito nilipoitwa.

"Shemeji! Jembe hilo unalipeleka wapi?"

Tabita alikuwa amekimbia bila viatu. Haikuruhusiwa bibi harusi aonane na mshenga siku ile, na alijua akionwa itakuwa kesi nyingine. Alisimama mbali kidogo, anahema.

"Ukifika nalo barabarani, mimi nimekwisha," akasema. "Shangazi hatapokea tena. Watanipeleka kwa mzee mmoja wa Kamsamba mwenye ng'ombe, ambaye naye ananitaka. Shemeji, nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Tafuteni mshenga mwingine. Mmeniweka mimi kwa sababu mimi ni mjinga, sisikii."

Alinishangaa. "Nani kasema? Elia aliniambia anakutuma wewe kwa sababu huna kinyongo. Alisema kule migodini aliwahi kukuona umetukanwa matusi mabaya, na jioni ukamgawia chakula aliyekutukana. Alisema, Tabita, hata wakimfanyeje, Lamek hawezi kutuacha."

Nimepata maneno mengi ya kuumiza maishani, lakini sijapata tena kuumizwa na sifa kiasi kile. Yule mtu aliyenitukana migodini nilimkumbuka. Nilimgawia chakula kwa sababu sikuwa nimeelewa kama ananitukana mimi. Elia alikuwa ameona wema mahali ambapo hapakuwa na kitu, akaufuga moyoni, akaukabidhi mke wake mtarajiwa, na sasa mimi nilikuwa nimesimama kando ya kijito, jembe begani, nikiwa na kinyongo tele, kinyongo cha kutosha kumharibia msichana huyu maisha kwa sababu ya jani la mgomba. Nilitamani ardhi inimeze. Tabita alianza kulia bila sauti, akijifuta kwa kiganja.

"Rudi ndani kabla hawajakuona," nikamwambia.

Kurudi kule juu ni jambo gumu kuliko yote niliyoyafanya kwa miguu yangu. Wanawake walikuwa wamesimama vile vile uani, wamechanganyikiwa, na msichana wa kofia alikuwa amejificha nyuma ya shangazi. Nilipita katikati yao. Nililaza jembe pale pale lilipokuwa, nikakaa chini.

"Amerudi!" Shangazi Sela akasema. Alizunguka akanitazama upande huu na upande ule. "Jamani, amerudi! Huyu hana aibu hata tone!" Na kicheko kikaanza upya, kikubwa kuliko cha kwanza, mpaka wengine wakakaa chini. Nilikuwa nimejaa aibu, nikashikilia magoti yangu kwa mikono miwili. Kisha mkono mrefu wa Shangazi Sela ukashuka, ukalinyanyua jembe, ukaliingiza ndani. Baadaye waliniletea ugali na kuku mzima, na shangazi mwenyewe akaninawisha. "Usituchukie, baba," alisema kwa sauti ya kawaida, maji yakitiririka vidoleni mwangu. "Na sisi tunaumia kumtoa mtoto." Nilimwambia siwachukii, na nikala, ingawa sikuonja chochote.

Elia alikuwa ananingoja barabarani, kwa sababu yeye hakuruhusiwa kusogea zaidi. Alikuwa amevunja kijiti vipande vipande miguuni pake. "Nimesikia vigelegele," akasema. Alikuwa anatabasamu, lakini alinichungulia machoni. "Umechelewa sana. Walikusema sana?"

"Hata sikusikia," nikasema.

"Nilijua tu!" Akanipiga begani, akaruka kama mtoto. "Nilimwambia mama, nikamwambia na Tabita. Nilijua tu, Lamek." Akaanza kucheka, nami nikacheka naye, kwa sauti kubwa, mpaka nilipoona ameamini.